Mwaka Mmoja Pale Shuleni: Kwa Nini Safari Hii Naomba Mahindi

(Maneno ya mjumbe wa kamati ya elimu, mhasibu kwa kazi, kwenye chakula cha hisani cha wana-kata waishio Dar es Salaam. Yamechapwa kama yalivyosemwa, isipokuwa salamu zimepunguzwa.)



Nimepewa dakika ishirini nieleze hali ya sekondari yetu ya kata. Miaka yote taarifa hii huwa ni ya majengo: madarasa mangapi, bati ngapi, saruji mifuko mingapi imefika na mingapi imeishia njiani. Safari hii nimeomba kamati iniruhusu nieleze mwaka wa mwanafunzi, toka Januari mpaka Desemba. Tangu mliponiteua niwawakilishe kwenye bodi ya shule nimepanda mlima ule mara tano, na mengi niliyoyaona hayaingii kwenye taarifa ya majengo. Mwishoni nitawaomba kitu ambacho hakina jiwe la msingi. Najua ni ombi gumu kwa sisi Wapare, maana tunasemwa kwamba Mpare akitoa shilingi yake lazima aione imesimama wapi. Mimi ni mhasibu na ni Mpare, kwa hiyo kwangu ugonjwa huo ni mara mbili.

Tuanze Januari. Majina ya kidato cha kwanza yameshabandikwa, na kila mtoto ana fomu yake ya kujiunga. Fomu ile ina orodha: mashati meupe mawili, sketi au suruali, sweta, viatu vyeusi, kaunta buku, jembe, fagio, ndoo. Ada haimo. Serikali iliiondoa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, na kuanzia Januari 2016 mtoto hadaiwi. Tulipiga makofi, na ilistahili. Lakini kumbukeni ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Kaeni na orodha ile, mpige hesabu ya sweta na viatu tu kwa bei za Same mjini, mtaona kwamba kilichoondolewa kilikuwa kidogo kuliko kilichobaki. Ndiyo maana wiki ya kwanza ya Januari darasa linakuwa na watoto wachache, na wengine wanaendelea kuingia mpaka Februari, mmoja mmoja, kadiri baba anavyouza mbuzi au tangawizi.

Anayechelewa wiki nne amekosa nini? Amekosa kozi ile ya mwanzo ya Kiingereza. Mtoto huyu amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Usanisinuru anaujua, mmeng'enyo wa chakula anaujua, anaweza kukuchorea moyo na vyumba vyake vinne. Sasa anaingia darasani anakuta mambo yale yale yamevaa majina mengine, na anadhani ni mambo mapya. Nilikaa nyuma ya kidato cha kwanza kipindi kizima cha baiolojia. Mwalimu aliuliza kwa Kiingereza, darasa likanyamaza kimya kama msibani. Akarudia kwa Kiswahili kwa sauti ya chini, mikono ikanyooka karibu yote. Mjadala wa lugha ya kufundishia tuwaachie wenye mamlaka, lakini wiki zile za mwanzo ndizo daraja pekee alilopewa mtoto, na asiyekuwa na viatu analikuta limeshavukwa.

Siku yenyewe inaanza gizani. Wa vitongoji vya mbali wanatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kikundi kikundi, wasichana katikati. Saa moja na nusu wanatakiwa wawe mstarini, wamehesabiwa namba na mwalimu wa zamu, wamefagia, wamechota maji. Halafu vipindi vya dakika arobaini mpaka alasiri. Na hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu kati ya alfajiri ile na alasiri hiyo kuna suala la tumbo.

Nilimwomba Mkuu wa Shule daftari za mahudhurio za mwaka mzima. Alicheka, akaniambia wageni wote huomba kuona maabara. Nikazisoma kama ninavyosoma leja. Sitawatajia idadi wala majina, maana shule ni ndogo, na kila mtu humu ndani ana mtoto wa ndugu yake pale. Nitasema tu umbo la kitu. Siku ya gulio visanduku vingi viko tupu. Mwezi wa Aprili, masika yakikaza na ukungu ukishuka mpaka barabarani, viko tupu kwa watoto wa upande wa pili wa mto. Haya mawili nilitarajia. Nisilotarajia lilikuwa kwenye daftari ambazo baadhi ya walimu wa masomo huweka za vipindi vyao. Mtoto yupo asubuhi, na mchana hayupo. Jina lile lile, wiki baada ya wiki. Nikamuuliza mwalimu mmoja, dada mtaratibu sana, hawa wanakwenda wapi? Akasema, "Hawa ni wale wasioandikwa jikoni."

Nieleze kwa wasioujua utaratibu. Chakula cha mchana kwenye shule ya kutwa ni mchango wa wazazi. Mkutano wa wazazi hukaa, hukubaliana madebe ya mahindi, kilo za maharage, na fedha kidogo ya mpishi na chumvi. Anayeleta, mwanawe anaandikwa kwenye orodha ya jikoni. Asiyeleta, mtoto wake harudishwi nyumbani, serikali imekataza hilo waziwazi, na mimi naunga mkono. Basi kengele inalia, wenzake wanapanga mstari na bakuli zao za makande, yeye anakwenda bombani. Anakunywa maji, anakaa nyuma ya darasa, au anajifanya ana ugomvi na wali na makande, hali hata kande moja hajaionja tangu juzi. Hakuna anayemfukuza. Anaondoka mwenyewe, kwanza siku moja, halafu siku za hisabati ya mchana, halafu anazoea.

Mzee wangu mmoja, namheshimu na yupo hapa, aliniambia kwenye kikao cha Julai kwamba kulisha mtoto ni kazi ya baba yake. Ni kweli, mzee. Wazazi wengi wa kata yetu wanaifanya kazi hiyo, na debe wanalibeba kichwani mpaka stoo ya shule. Nilitazama wasioleta ni akina nani. Wapo walevi, siwafichi. Lakini wengi ni mabibi wanaolea wajukuu, na baadhi ya wajukuu wale wazazi wao wako huku mjini, kwenye mitaa yetu, pengine wengine wamo ukumbini humu wakila kuku. Samahani kama nimegusa mtu. Leja haina adabu.

Sasa hesabu, niliyoahidi kuifanya fupi. Kalenda ya shule ina siku 194 za masomo. Chukueni robo kilo ya mahindi kwa mtoto kwa siku, na gramu 80 za maharage, kipimo ambacho mpishi anasema kijana wa miaka kumi na sita anashiba. Kwa mwaka ni kilo 48 na nusu za mahindi na kilo 15 na nusu za maharage. Yaani chini ya nusu gunia la mahindi, na chini ya debe moja la maharage. Hicho ndicho kinachomtenganisha aliyeko darasani saa nane mchana na aliyeko njiani. Kwa watoto 100 ni mahindi kilo 4,850 na maharage kilo 1,552. Tuseme gunia 49 na gunia 16 za kilo mia.

Mtaniuliza, ruzuku ya serikali je? Ruzuku ya uendeshaji kwa sekondari imepangwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Gawanya kwa siku 194, unapata shilingi 129 hivi kwa siku. Hapa mjini haikununulii andazi. Na haikuwekwa kwa ajili ya andazi: ni ya chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, na sehemu yake ni ya vitabu. Kwa hiyo hakuna fungu lililofichwa. Nimetafuta.

Turudi kwenye mwaka. Juni ni mitihani ya nusu mwaka, ni UMISSETA kwa wenye miguu, na ni likizo. Mwaka huu timu yetu ya wasichana ya netiboli ilishuka mpaka wilayani ikiwa na jezi za kuazima, ikafungwa mechi ya kwanza, ikashinda mbili zilizofuata, na ikarudi usiku nyuma ya lori ikiimba mpaka wazee wakafungua madirisha. Naomba muelewe kwamba ile siyo shule ya huzuni. Alhamisi kuna mdahalo, na vijana wanagombana kwa Kiingereza chao wenyewe kuhusu kama jembe lina faida kuliko kalamu, na kaka mkuu anagonga meza kama spika. Ijumaa jioni kwaya mbili zinashindana. Kuna kijana wa kidato cha tatu ametengeneza redio kwa vipande vya redio nyingine, na mwalimu wa fizikia ameigeuza kuwa kipindi.

Julai ni baridi. Nyie mmesahau baridi ile. Watoto wanaandika huku mkono mmoja umo kwenye sweta. Na Julai ndipo wanaokaa geto wanarudi kutoka likizo na viroba vyao vya unga.

Geto, kwa wazee wasiolijua neno hili, ni chumba cha kupanga. Mtoto ambaye nyumbani kwao ni mwendo wa saa mbili na nusu anapangiwa chumba karibu na shule, peke yake au wawili. Jumapili jioni anakuja na unga, maharage na dagaa wa wiki. Jumatano unga umepungua. Alhamisi anatafuta mtu wa kumkopesha. Ukiwa mvulana unakopa kwa muuza duka. Ukiwa msichana wa miaka kumi na tano, wanaojitolea kukukopesha ni wengi zaidi, na mmoja wao ana pikipiki. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 umemfungulia binti aliyejifungua mlango wa kurudi masomoni, jambo jema ambalo dada zetu wa zamani hawakulipata. Ila kurudi ukiwa na mtoto mgongoni na mlima wa saa mbili na nusu mbele yako ni kurudi kwa kwenye karatasi.

Hapa najua kuna manung'uniko. Baadhi yenu mmenitumia ujumbe mkiuliza kwa nini bweni la wasichana, tulilolizungumza miaka miwili, limesogezwa nyuma ya magunia. Nitajibu wazi. Bweni tunalihitaji, na ramani yake ipo. Lakini nimeliona bweni moja, sitasema la wapi, limekamilika mpaka vitanda vya chuma, na limefungwa kufuli. Wazazi hawakuweza milo mitatu kwa siku. Shule isiyoweza mlo mmoja wa mchana haiwezi milo mitatu. Na tunayo kumbukumbu yetu wenyewe. Mwaka 2014 nchi nzima tulichangishwa maabara, vyumba vitatu kwa kila sekondari ya kata. Tulichanga, kwa msaragambo na kwa fedha, na vyumba vyetu vitatu vimesimama, asanteni sana. Nendeni mkaangalie kabati la kemikali. Chupa nyingi zina lebo na hewa. Kwenye vitabu vya serikali kuna matumizi ya maendeleo na kuna matumizi ya kawaida. Sisi chama chetu tunapenda sana yale ya kwanza, kwa sababu yana utepe wa kukata na picha ya kupiga. Chumba cha maabara ni matumizi ya maendeleo. Tindikali iliyomo ndani, inayoisha kila mwaka, ni matumizi ya kawaida, na hiyo ndiyo inayomfundisha mtoto kemia.

Kuhusu wasichana wa magetoni, tusisubiri bweni. Akina mama wa pale kijijini wameshasema wako tayari kutoa nyumba mbili karibu na shule, wasichana wakae pamoja, kila nyumba na mama mlezi mmoja. Wanachoomba ni magodoro, taa za sola na kitasa cha maana mlangoni. Na wanaomba watoto wale wawe wameshakula mchana shuleni, ili jioni uji utoshe. Mnaona vinavyoshikana.

Ushahidi wangu mkubwa ni Agosti na Septemba. Baada ya mtihani wa moko, kidato cha nne huwekwa kambi. Madarasa mawili yanageuka mabweni, magodoro chini, wazazi wanaleta chakula, walimu wanafundisha mpaka saa nne usiku kwa taa za sola. Nilifika kambini jioni moja bila taarifa. Nikakuta binti mmoja, ambaye jina lake nililiona kwenye daftari za mchana akiwa hayupo kwa miezi, amesimama ubaoni anawafundisha wavulana watatu milinganyo. Mwalimu aliniambia alikuwa hivyo tangu kidato cha kwanza, ila kwa miaka mitatu na nusu walikuwa wanampata nusu siku. Kambi ile haina mwalimu mpya wala kitabu kipya. Ina sufuria, na mtoto yuko karibu.

Oktoba ni mahafali. Mliokuja mliona risala, ngonjera, na mashada ya maua ya plastiki yaliyofunika shingo mpaka masikio. Tulipofanya harambee ya papo kwa papo kila mtu alitaka vigae vya ofisi ya walimu. Vigae vimenunuliwa, na viko vizuri.

Novemba bahasha za Baraza la Mitihani zinapanda mlima na askari, kidato cha pili na cha nne wanafanya mitihani yao, na kijiji kizima kinatembea kwa vidole. Desemba shule inafungwa. Wa kidato cha nne wanashuka nyumbani kusubiri Januari, wengine shambani, wengine kwenye basi la kuja huku kwetu, na simu zinaanza kulia: "Mjomba, nimemaliza."

Baadhi yetu tulimaliza darasa la saba miaka ya 1990, wakati kata haikuwa na sekondari. Mwaka wangu tulichaguliwa wawili. Waliobaki hawakuwa wajinga kuliko sisi, na wengine walitushinda kwa hesabu. Sekondari za kata zilipokuja na mpango ule wa MMES kuanzia mwaka 2004, wazazi wetu walipasua mawe na kuyabeba ili watoto wasichaguliwe wawili tena. Sasa wanaingia wengi. Tunaowapoteza siku hizi hatuwapotezi Januari langoni, tunawapoteza mchana. Na niseme hili kwa upole: watoto wa wengi wetu tulioko ukumbini hawasomi pale. Wako shule za kulipia, wanakula wali na nyama, na hakuna anayesema tunawadekeza.

Ombi lenyewe. Tuunde mfuko wa chakula wa sekondari, kwa miaka mitatu ya kwanza. Wazazi wanaoweza waendelee kuleta madebe yao kama kawaida, na Mheshimiwa Diwani ameahidi serikali ya kijiji itasimamia hilo. Mfuko wetu ujaze pengo la wale wasioandikwa. Orodha ya jikoni ifutwe kabisa: kengele ikilia kila mwenye bakuli apange mstari, na asijue mtu gunia gani limetoka kwa nani. Tununue Agosti baada ya mavuno, bei ikiwa chini, na tuhifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa, kwa sababu anayenunua mahindi Februari analipa njaa ya wengine. Maharage yapo milimani kwetu. Mahindi yakipungua nyumbani tutayafuata Kibaigwa. Tutahitaji pia jiko banifu, kwani serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni, na watoto wetu bado wanabeba kuni.

Stoo itakuwa na funguo mbili, moja kwa mwalimu na moja kwa mjumbe wa wazazi. Leja ya kuingia na kutoka itabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule kila mwisho wa mwezi, na picha yake itawafikia kwenye simu. Gunia likipungua bila maelezo mtanidai mimi. Mpare akitaka kuona shilingi yake iliposimama, atasoma pale.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Nimeipanga kwa kilo, siyo kwa shilingi, ili kila mtu ajue analisha watoto wangapi: mtoto mmoja kwa mwaka ni kilo 48 na nusu za mahindi na kilo 15 na nusu za maharage. Bei ya siku ya ununuzi tutawatangazia. Na kama kuna mwenye lori linalopita Segera kuelekea Same likiwa na nafasi mwezi wa nane, au anayemfahamu fundi mzuri wa majiko, tafadhali anione pale kwenye meza ya mhazini kabla hajaondoka.